Mzee aliyevunjika nyonga anapoogopa kukanyaga: namna ya kumrudisha kwenye miguu yake

Mshono umepona, eksirei inaonyesha chuma kimekaa vizuri, na daktari ameandika kwamba mgonjwa aanze kukanyaga. Mzee hakanyagi. Akiinuliwa anashika nguo ya mtu kwa nguvu, anaegemea nyuma, anasema anasikia kizunguzungu, anaomba arudishwe kitandani. Nyumbani wengine wanasema ni maumivu, wengine uzee, wengine ukaidi. Mara nyingi ni hofu ya kuanguka tena, na isiposhughulikiwa humlaza kitandani mtu ambaye mfupa wake unaendelea vizuri.

Mwongozo huu ni wa mwana, mjukuu au mlezi anayemhudumia mzee nyumbani baada ya kuvunjika nyonga. Aliyevunjika paja au mguu naye unamfaa, ila masharti ya mifupa yatatoka kwa daktari wake.

Hofu yenyewe huangusha

Mtu mwenye hofu hukaza magoti na kiuno, hupunguza hatua, huburuza nyayo, hutazama vidole vyake vya miguu na kupeleka uzito kwenye visigino. Anadhani anajilinda. Lakini wayo unaoburuzwa hukwama kwenye ukingo wa mkeka, mwili uliokazwa hauwezi kupiga hatua ya haraka ya kujiokoa, na uzito ukishakuwa kisiginoni, akisukumwa kidogo tu anakwenda kinyumenyume. Kisha huacha kutembea kabisa, misuli ya mapaja hupungua siku hadi siku, na miguu inakuwa dhaifu kweli. Hofu iliyoanza bila sababu sasa imepata sababu.

Ndiyo maana kumwambia "usiogope" hakusaidii. Hofu hupungua mwili unapofanya kile unachokiogopa kwa kipimo kidogo, ukabaki salama, ukarudia, mpaka uzoee. Yanayofuata yote ni namna ya kupanga hicho kipimo kidogo.

Kabla ya yote: jibu la daktari na vipimo vitatu

Muulize daktari aliyempasua, au mtaalamu wa fiziotherapia, swali moja, na jibu liandikwe: mguu huu uruhusiwe uzito kiasi gani? Majibu huwa matatu: uzito wote, sehemu ya uzito, au kugusa sakafu tu bila kuulemea. Uliza pia kama kuna mikao aliyokatazwa. Aliyewekewa nyonga bandia mara nyingi huambiwa kwa wiki kadhaa za mwanzo asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu na asiuzungushe mguu kwa ndani. Kwake kigoda, mkeka na choo cha kuchuchumaa ni vitu vya kuweka kando, na sala ataiswali akiwa ameketi kitini.

Mwambie mzee jibu hilo kwa maneno yake. Wazee wengi wanaamini kwamba mguu ukikanyagwa tu utavunjika tena, kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Mpe eksirei, mwonyeshe chuma kinapita wapi.

Kama ameruhusiwa sehemu ya uzito, tumia mizani ya kawaida ya kupimia watu. Weka mguu mgonjwa juu ya mizani, na mguu mzima juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani, huku ameshika woka, yaani fremu ya kutembelea yenye miguu minne. Mtu wa kilo 60 aliyeruhusiwa nusu aukandamize mguu mpaka mshale ufike 30, apumzike, arudie mara 10. Zoezi hili linafundisha kipimo, na linampa mwenye hofu jambo la kuona: jana alifika 12, leo amefika 20, na mguu upo.

Kisha hakikisha kinachoitwa hofu si kitu kingine.

Pima presha akiwa amelala dakika 5, halafu dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Kama hawezi kusimama, baada ya kuketi. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kizunguzungu chake ni cha kweli na dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya. Dawa za presha, za usingizi kama diazepamu, na za mishipa ya fahamu kama amitriptilini ni za kuulizia kwanza. Usizikatishe mwenyewe.

Angalia maumivu. Kama ameandikiwa dawa ya maumivu, apewe dakika 30 hadi 60 kabla ya mazoezi. Mwili unaoumia hauwezi kufundishwa kwamba kusimama ni salama.

Angalia macho. Miwani yenye lenzi mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, huifanya sakafu ionekane kwa ukungu pale anapokanyaga. Kwa kutembea avae ya mbali tu kama anayo, na mtoto wa jicho usiahirishwe mpaka "apone kwanza".

Zipo dalili zisizosubiri: shavu la mguu kuvimba na kuuma, kubanwa kifua au kuhema ghafla, maumivu mapya makali ya kinena, mguu kuonekana mfupi au kugeukia nje, usaha au homa. Hapo ni hospitali, si mazoezi.

Muulize anaogopa nini hasa

Swali liulizwe kwa utulivu, akiwa ameketi, bila kundi la watu. "Mama, ukisimama, unaona nini kitatokea?" Mmoja anaogopa mfupa kuvunjika, mwingine kulala sakafuni usiku mzima bila mtu kusikia. Wapo wanaoona aibu kuonekana na woka mbele ya wakwe, na wapo wanaoogopa mahali pamoja tu, pale bafuni walipoteleza. Kila hofu ina dawa yake. Anayeogopa kukaa sakafuni peke yake hatatulizwa na eksirei. Atatulizwa na simu ya kitochi iliyofungwa shingoni na kufundishwa kuinuka.

Kupima, wataalamu hutumia dodoso fupi la mambo 7: kuvaa na kuvua nguo, kuoga, kuketi na kuinuka kitini, kupanda na kushuka ngazi za nyumba, kufikia kitu kilicho juu ya kichwa au sakafuni, kutembea kwenye mwinuko au mteremko, na kwenda kwenye shughuli ya watu. Kila moja hupewa alama 1 (sina wasiwasi kabisa) hadi 4 (nina wasiwasi mkubwa sana). Jumla huanzia 7 hadi 28, na kuanzia 14 wasiwasi huhesabiwa mkubwa. Yale ambayo bado hafanyi, ajibu kwa kukisia. Rudia baada ya wiki 4.

Tengeneza chumba kwa siku moja

Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, na kimo ambacho akiketi nyayo zinakaa bapa na magoti yako chini kidogo ya nyonga. Kwa wengi ni sentimeta 45 hadi 50. Sofa laini linamzamisha, kisha anashindwa kuinuka na kuamini miguu imekufa. Mipini ya woka, akisimama na mikono ikining'inia, ilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, viwiko vikunjike kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Woka iliyo ndefu hupandisha mabega na kumsukuma nyuma. Raba za miguu yake zikilika zibadilishwe.

Ondoa mikeka, ndoo na waya njiani. Kandambili ziachwe, avae kiatu chenye kushika kisigino na soli isiyoteleza. Kanga isizidi kifundo cha mguu, na kitenge kilichofungwa kwa kubana miguu kinazuia hatua. Taa ya kuchaji iwe mkononi kwake usiku, maana umeme haukatiki kwa taarifa. Kwa choo cha shimo, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti kizito cha mbao chenye tundu, mikono miwili na kimo kile kile cha sentimeta 45 hadi 50. Miguu ya kiti hicho iwe imetanuka chini ili kisipinduke. Kikalie wewe kwanza.

Ngazi ya hofu

Andikeni pamoja mambo anayoogopa, kisha kila moja alipe namba: 0 hakuna hofu kabisa, 10 hofu isiyovumilika. Yapangeni kutoka dogo kwenda kubwa. Kwa aliyeruhusiwa uzito wote, ngazi inaweza kuwa hivi:

1. Kuketi ukingoni mwa kitanda, nyayo sakafuni, dakika 5: hofu 2
2. Kuinua makalio kwa sekunde 2 na kuketi tena: 3
3. Kusimama na woka sekunde 30: 4
4. Akiwa amesimama, kuhamisha uzito mguu huu hadi huu: 5
5. Hatua 5 chumbani, mtu akiwa ubavuni: 5
6. Kugeuka na kuketi mwenyewe: 7
7. Kwenda chooni mchana: 7
8. Kuvuka kizingiti hadi barazani: 8
9. Kutembea uani, mtu akiwa mbali anatazama: 9

Namba ni zake. Usimbishie kwa nini kugeuka ni 7. Kugeuka ni jambo gumu kweli, na atakayejifunza kufanya hivyo kwa hatua ndogondogo 4 hadi 6 badala ya kujizungusha juu ya mguu mmoja atakuwa ameepuka moja ya njia kuu za kuanguka.

Anzeni kwenye kipandio chenye hofu 3 au 4. Kabla ya kuanza ataje namba. Avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, mara 5. Afanye. Abaki hapo au arudie mpaka namba ishuke karibu nusu, ndipo apumzike. Vipindi vifupi 3 hadi 5 kwa siku vinashinda kipindi kimoja kirefu cha kuchosha. Kipandio kikibaki 2 au chini kwa siku mbili mfululizo, pandeni.

Kosa kubwa ni kuketisha wakati hofu iko kileleni. Mwili utajifunza kwamba kilichomwokoa ni kuketi, na kesho hofu itaanza juu zaidi. Hofu ikiruka hadi 8, punguza ugumu bila kuacha: kama alikuwa anapiga hatua, asimame tu, kama alikuwa amesimama, ashike meza kwa mikono miwili. Namba ishuke akiwa bado kwenye miguu, kisha aketi. Kizunguzungu cha kweli, jasho jembamba au maumivu makali havimo katika kanuni hii. Hapo aketi mara moja.

Kusimama: hapa ndipo panapoharibika

1. Asogee mpaka makalio yawe nusu ya mbele ya kiti.
2. Avute mguu mzima nyuma, kisigino kiwe chini ya goti au nyuma yake kidogo. Mguu mgonjwa uwe mbele kidogo.
3. Mikono ishike mikono ya kiti. Asivute woka, itamwangukia.
4. Ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya mguu mzima. Aliyekatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90 aanzie kwenye kiti kirefu zaidi, mguu mgonjwa auweke mbele zaidi, na ainame kidogo tu huku akisukuma kwa mikono.
5. Asukume sakafu kwa miguu, kisha ahamishe mkono mmoja mmoja kwenye woka.
6. Asimame akihesabu hadi 10 kabla ya hatua ya kwanza.

Wewe simama upande wa mguu mgonjwa, nyuma kidogo, si mbele yake. Mfunge kanga iliyokunjwa kiunoni kama mkanda, uishike kwa nyuma kiganja kikiangalia juu. Unaishika, huivuti. Sema maneno machache: "Mama, nipo ubavuni kwako. Pua mbele. Sukuma."

Wengi husimama mbele ya mgonjwa, humshika mikono miwili na kumvuta. Anayevutwa na anaogopa hujibu kwa kujivuta nyuma. Kadiri unavyovuta ndivyo anavyozidi kuegemea nyuma, hadi vidole vya miguu vinaacha sakafu. Ukiona vidole vimeinuka, acha kila kitu, mketishe kwa utaratibu, mshughulikie kuegemea nyuma kwanza.

Tiba yake ni hii. Asimame mgongo ukiwa ukutani, visigino vikiwa sentimeta 10 hadi 15 kutoka ukutani, meza nzito mbele yake, wewe ubavuni. Abandue makalio kisha mabega ukutani kwa kuegemea mbele kutoka vifundo vya miguu, mpaka asikie uzito umefika kwenye nyayo za mbele. Akae hapo sekunde 5, arudi ukutani. Mara 10. Baadaye mpe kazi ya mkono: avute kikombe kilicho mezani, kila mara kisogezwe sentimeta chache mbele zaidi. Akili ikishughulika na kikombe, mwili husahau kujivuta nyuma. Kwa baadhi ya wazee zoezi hili peke yake hubadilisha kila kitu.

Kutembea

Woka mbele kwa urefu wa hatua moja, mguu mgonjwa, kisha mguu mzima. Asiisogeze mbali, na asiingie ndani yake mpaka tumbo liguse nondo ya mbele. Macho yatazame mita 2 au 3 mbele. Bandika kipande cha karatasi ukutani awe anakitazama. Mwambie ainue goti, kisigino kitangulie kugusa.

Akizoea, zungumza naye akitembea. Anayesimama kila anapojibu bado anatumia akili yake yote kwa kutembea, na huyo asiachwe peke yake. Akiweza kutaja majina ya wajukuu bila kusimama, amesogea sana.

Miguu yenyewe iongezwe nguvu siku 3 kwa wiki, kila baada ya siku moja: kuinuka na kuketi mara 5, idadi ikiongezwa polepole hadi mara 10 kwa seti 2; kuinuka juu ya vidole vya miguu akishika meza, mara 10; kutoa mguu pembeni, mara 10 kila upande. Halafu usawa, karibu na meza: miguu pamoja sekunde 10, kisha wayo mmoja nusu mbele ya mwingine, kisha kisigino mbele ya vidole, mwisho mguu mmoja. Hatua inayofuata isiguswe kabla ya ile iliyotangulia kufika sekunde 10. Mpango wa Otago uliotokea New Zealand umejengwa kwa namna hii hii, nguvu na usawa mara 3 kwa wiki pamoja na kutembea.

Mara moja kwa wiki pima: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi aketi. Kupita sekunde 12 ni ishara ya hatari ya kuanguka. Mwanzoni atazipita kwa mbali. Mwonyeshe jinsi zinavyopungua.

Maneno ya nyumbani

"Kaa tu bibi, tutakuletea." "Angalia usije ukaanguka!" Yanasemwa kwa mapenzi, na yanaharibu. La kwanza linamnyima mazoezi, la pili linamtajia kuanguka kila anapoinuka. Mwambie la kufanya: "inua goti", "shika meza", "tazama mbele". Akichukua dakika 6 kufika mezani, mngojeni mezani. Wote wa nyumbani wakubaliane ni nini anafanya mwenyewe; mjukuu mmoja anayembeba kimyakimya hurudisha nyuma kazi ya wiki nzima.

Akianguka, na kujifunza kuinuka

Asiinuliwe haraka. Abaki chini, apumue, ajikague. Mguu ukiwa mfupi au umegeukia nje, kinena kikiuma sana, au akishindwa kuusogeza, afunikwe na apelekwe hospitali akiwa amelala. Akigonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aende hata kama anaonekana mzima. Kama hana jeraha, siku hiyo au kesho yake rudini vipandio viwili chini na mwanze tena. Wiki ya kupumzika "mpaka mshtuko uishe" huupandisha mshtuko.

Kujifunza kuinuka sakafuni kunangoja ruhusa ya daktari, mara nyingi baada ya miezi 3. Hufundishwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, ili kila siku amalizie akiwa salama kitini:

1. Kiti kigumu kikiwa kimeegemezwa ukutani, mikono juu yake, ashushe goti la mguu mgonjwa kwenye mto mnene, wayo wa mguu mzima ukiwa bapa mbele. Asukume kwa mguu mzima, ainuke, ageuke, aketi.
2. Akiweza, apige magoti yote mawili, apeleke mguu mzima mbele, ainuke.
3. Kisha aanze kwa mikono na magoti, atambae hadi kitini.
4. Mwisho aanze akiwa amelala: abingirie upande wa mguu mzima, ajisukume kwa kiwiko, afike kwenye magoti.

Asiyeweza kupiga magoti afundishwe kubingiria, kuvuta shuka na kupiga simu au filimbi. Hilo nalo hupunguza hofu.

Ikiwa namba hazishuki

Mkifanya haya kwa wiki 2 au 3 na hofu haijasogea, mrudishe kliniki. Huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito: hali chakula, hapati usingizi, hana hamu na kitu. Huenda ndoto za siku aliyoanguka zinamrudia. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla ni jambo la siku hiyo hiyo, kwa sababu mara nyingi nyuma yake kuna maambukizi au dawa.

Kwa wanaoendelea, hatua ya mwisho ni kuacha woka, mtaalamu akikubali. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, isogee pamoja na mguu mgonjwa. Kwenye ngazi za nyumba, kupanda mguu mzima hutangulia. Kushuka, fimbo na mguu mgonjwa hutangulia. Siku ya kwanza ya msikitini, kanisani au sokoni iwe saa isiyo na msongamano, mtu mmoja ubavuni, na mahali pa kuketi pajulikane kabla hamjatoka.